Krismasi: Ukifika Voi, Kata Kulia

Kuanzia wiki ya tatu ya Desemba, barabara ya Nairobi kwenda Mombasa haina usiku wala mchana. Shule zimeshafungwa, ofisi zinafunga moja baada ya nyingine, na magari ya familia yanajipenyeza katikati ya malori ya bandarini yakiwa na magodoro juu ya paa, watoto wamebanana nyuma, na sufuria ya pilau imefungwa kwa leso isimwagike kwenye matuta. Wengi wana wimbo mmoja tu: bahari. Voi, ulio takriban kilomita 330 kutoka Nairobi na zaidi kidogo ya 150 kutoka Mombasa, kwao ni mji wa kujaza mafuta, kununua soda baridi na kuwapeleka watoto msalani. Dakika ishirini, kisha safari inaendelea.

Kuna watu wanaosherehekea Krismasi kwa namna nyingine. Huko Australia sikukuu huangukia katikati ya joto na likizo ndefu ya shule, kama huku kwetu, na familia nyingi hukokota nyumba ndogo ya magurudumu nyuma ya gari na kulala popote jua linapowachwea. Barabara Kuu Namba 1 inayoizunguka nchi hiyo ina urefu wa kilomita 14,500 hivi, na wapo wanaoimaliza yote, kwa miezi. Mkenya wa kawaida hana nyumba ya magurudumu. Ana gari la miaka kumi na mitano, hema la kuazima, meko ya gesi na shemeji anayedai anaijua njia. Hayo yanatosha kabisa kufanya mzunguko, mradi mzunguko wenyewe uchaguliwe vizuri, na kaunti ya Taita Taveta imekaa kama iliyokusudiwa: unaingilia Voi, unapanda milimani kupitia Mwatate hadi Wundanyi, unateremka kwenda Taveta mpakani, kisha unarudi barabara kuu kwa kukata Hifadhi ya Tsavo Magharibi na kutokea Mtito Andei. Siku tano zinafaa. Mwenye haraka afadhali aendelee zake Mombasa.

Safari huanza kabla ya Voi. Anayetoka Nairobi hupita Makindu, ambako hekalu la Masingasinga limekuwa likiwakaribisha wasafiri tangu miaka ya 1920. Mgeni huvua viatu, hufunika kichwa na kukaa chini kula chapati, dengu na chai ya maziwa bila kuulizwa dini wala kabila, na bila kutakiwa kulipa. Anayetoka Mombasa naye ana kituo chake Mackinnon Road: msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, Mpunjabi aliyefanya kazi ya kujenga reli. Madereva wengi wa masafa marefu, wakiwemo wasio Waislamu, husimama hapo dakika chache kuomba wafike salama. Ukizingatia namna malori yanavyopitana kwenye barabara hii mwezi wa Desemba, si desturi ya kubezwa.

Anayetoka Nairobi huvuka mto Tsavo kabla ya kufika Voi, na hapo kuna kisa ambacho watoto hawakisahau. Mwaka 1898, reli ya kutoka Mombasa ilipofika kwenye mto huo, simba wawili wa kiume wasio na manyoya shingoni walianza kuwachomoa wajenzi kutoka kwenye mahema usiku. Kazi ilisimama na mamia ya vibarua wakakimbia. Mhandisi aliyesimamia ujenzi wa daraja, John Henry Patterson, alimuua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 Desemba, kwa hiyo Krismasi ya mwaka huo kambini Tsavo ililiwa huku mmoja akiwa bado porini. Patterson alikuja kudai kwamba simba hao waliua watu 135. Watafiti waliopima mifupa na manyoya yao miaka mingi baadaye walikadiria watu 35 hivi. Simba wenyewe wamo Chicago, katika jumba la makumbusho la Field, ambalo Patterson aliliuzia ngozi na mafuvu mwaka 1924.

Sasa Voi. Ukifika mjini kutoka Nairobi, kushoto kwako ni lango la Hifadhi ya Tsavo Mashariki na kulia ni barabara ya Mwatate. Karibu kila mgeni hukata kushoto, na hapo ndipo Desemba inapowaangusha wengi.

Picha zilizowaleta zimepigwa kiangazi: makundi ya tembo wekundu, waliojipaka vumbi la udongo wa Tsavo, wamesongamana kunywa maji bwawa la Aruba au chini ya jabali la Mudanda. Tsavo yote, Mashariki na Magharibi, ndiyo yenye tembo wengi kuliko eneo lingine lolote nchini. Lakini mvua za vuli hunyesha kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Desemba, na katika ukanda huu vuli ndiyo mvua kubwa kuliko masika. Kufikia Krismasi nyika imevaa kijani, kila kidimbwi kina maji, na tembo hana sababu ya kwenda Aruba kupanga foleni. Wametawanyika katika hifadhi yenye zaidi ya kilomita za mraba 13,000. Familia inaweza kuzunguka saa tatu ikaona kanga, digidigi na mgongo mmoja wa tembo kwa mbali nyuma ya kichaka, halafu baba akaanza kulaumiwa kwa hela za kiingilio.

Hii haina maana usiingie. Ingia asubuhi, lango linapofunguliwa saa kumi na mbili, piga kambi usiku mmoja Ndololo karibu na lango la Voi, na upunguze matarajio. Malipo hayapokewi kwa noti; hulipwa kwa simu kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, na Mkenya hulipa sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni wa nje, kwa hiyo vitambulisho visisahaulike nyumbani. Kisha toka, vuka barabara kuu, uende upande wa pili.

Upande wa pili kilima cha kwanza ni Sagalla, kinachoonekana ukiwa mjini Voi. Krismasi ya kanisani ilianza mapema hapa: mmishenari J. A. Wray wa chama cha CMS alipiga hema Sagalla mwaka 1883, kabla ya reli na kabla ya Voi kuwa mji. Siku hizi jina la Sagalla linajulikana mbali kwa jambo jingine. Wakulima wa chini ya kilima walikuwa wakipoteza mahindi kwa tembo wanaotoka hifadhini usiku. Watafiti wa mradi wa tembo na nyuki, ulioanzishwa na Lucy King wa shirika la Save the Elephants, walishirikiana nao kuzungushia mashamba mizinga iliyoning’inizwa kwenye nguzo na kuunganishwa kwa waya. Tembo akiugusa waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka, na mnyama wa tani kadhaa anageuza njia. Nyuki hawezi kuitoboa ngozi nene ya tembo, lakini huuma pembeni mwa macho na ndani ya mkonga. Uzio haumzuii kila tembo, ila mkulima anabaki na asali ya kuuza. Mtoto wa mjini atakumbuka hilo kuliko tembo wa mbali aliyemwona kwa darubini ya kuazima.

Kutoka Voi hadi Mwatate ni mwendo wa nusu saa, na katikati ya joto la nyikani hakuna kinachomwandaa mgeni kwa yatakayofuata. Ukiiacha barabara ya Taveta pale Mwatate, njia inaanza kujipinda kona baada ya kona, dereva anabaki gia ya pili, madirisha yanafungwa na watoto wanaanza kuulizia masweta. Wundanyi ina ukungu, migomba, vitalu vya mboga vilivyokatwa kwenye miteremko, na maji yanayotiririka kando ya barabara. Kilele cha Vuria, mita 2,208 juu ya usawa wa bahari, kiko juu zaidi. Waliokuja na nguo za pwani peke yake hununua mitumba sokoni.

Misitu ya huku, Ngangao na Mbololo na mingine midogo midogo, ni mabaki ya msitu uliokuwa mkubwa. Milima hii ni mwanzo wa mlolongo wa milima ya kale unaoitwa Tao la Mashariki, unaoanzia Taita na kuteremka ndani ya Tanzania hadi Udzungwa. Kwa kuwa kila mlima umezungukwa na nyika kavu, viumbe vyake vimeishi peke yao kwa muda mrefu kama vilivyo kisiwani. Kuna ndege wa Taita wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na Mbololo kuna ua dogo la zambarau ambalo ndugu zake hupandwa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya. Kuingia Ngangao tafuta kijana wa hapo akuongoze. Ni yeye pia atakayejua mzee wa kumwomba ruhusa iwapo mnataka kufika kwenye mapango yenye mafuvu. Wataita wa zamani walikuwa wakiwafukua wazee wao baada ya muda na kuyahifadhi mafuvu yao kwenye pango la ukoo, na ukoo ulikwenda huko kuomba mvua na afya. Mapango hayo bado yana wenyewe, na picha za kujipiga na simu hazipendwi.

Krismasi ni msimu ambao milima hii hujaa. Wataita wengi hufanya kazi Mombasa na Nairobi, na kati ya tarehe 23 na 26 karibu kila boma lina mwana aliyerudi. Nauli ya matatu kutoka Voi hupanda, mbuzi huchinjwa, kwaya hukesha. Mgeni aliyealikwa atapewa kimanga, muhogo uliopondwa pamoja na maharagwe, na asijidai ameshiba baada ya sahani moja. Nyumba za wageni hazipatikani kirahisi siku hizo, kwa hiyo piga simu mapema au omba kiwanja cha kanisa pa kusimamisha hema.

Ukirudi Mwatate na kushika njia ya Taveta, mashamba ya mkonge yananyooka hadi macho yanachoka, halafu inakuja Bura, halafu Maktau. Barabara hii ilikuwa ya vumbi na mawe hadi miaka michache iliyopita. Sasa ni lami safi, na kilomita 110 hivi za Voi hadi Taveta ni mwendo wa chini ya saa mbili. Jaza tangi Voi.

Njia hii ni ya vita. Agosti 1914, wiki chache tu baada ya vita kuu kuanza Ulaya, Wajerumani wa Tanganyika walivuka mpaka na kuiteka Taveta. Waingereza wakajenga haraka reli ya kutoka Voi, na ikafika Maktau mwaka 1915. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walikishambulia kilima cha Salaita wakidhani ni kazi ya asubuhi moja. Walifurushwa, na waliowaokoa ni kikosi cha Wabaluchi kutoka Uhindi, watu ambao makaburu hao walikuwa wakiwadharau. Kilima chenyewe ni kidogo. Kinapitwa kwa sekunde chache na asiyeambiwa. Makaburi ya askari yametunzwa vizuri Voi, Maktau na Taveta. Wenyeji hawakupata mawe ya kaburi. Mwaka 1915 watu wa mlima Kasigau, wakishukiwa kuwasaidia Wajerumani, walichomewa vijiji vyao na kupelekwa kwa nguvu Malindi, na wengi walifia huko. Familia inayopita hapa na kijana wa sekondari ingefaa isimame.

Taveta ni mji wa ndizi na mpaka. Misafara ya biashara ya Waswahili kutoka Mombasa ilipumzika hapa karne ya 19 kabla ya kuzunguka Kilimanjaro. Aliyemwongoza mmishenari Johannes Rebmann mwaka 1848 alikuwa mmoja wa viongozi wa misafara hiyo, Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei mwaka huo Rebmann aliuona mlima wenye theluji, na wasomi wa London wakamcheka kwa miaka mingi. Leo mlima huohuo huonekana asubuhi na mapema kabla mawingu hayajaufunika. Amka saa kumi na moja na nusu, au usiulizie tena.

Ziwa Chala liko kaskazini ya mji, ndani ya shimo la volkano, na mpaka wa Kenya na Tanzania umelikata katikati. Maji yake hutoka chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro, na rangi yake hubadilika kutoka kijani hadi buluu kali. Yanavutia kuogelea, yana mamba, kwa hiyo tazameni kutoka ukingoni. Ziwa Jipe, kusini, ni kinyume chake: pana, lina kina kifupi, limejaa mafunjo na viboko, na milima ya Upare ng’ambo. Wanaotaka kuvuka mpaka pale Holili kwenda Moshi, kilomita zisizofika 50, wahakikishe bima ya gari inatambulika Tanzania.

Njia ya kurudi huingilia lango la Maktau na kukata Tsavo Magharibi. Chemchemi za Mzima ndipo pa kusimama: maji safi yaliyochujwa na mawe ya volkano ya milima ya Chyulu yanabubujika, mengine yakielekezwa kwa bomba hadi Mombasa, na kuna chumba cha chini ya maji cha kutazamia samaki na, kwa bahati, viboko. Kama mfuko unaruhusu usiku mmoja wa hoteli, ulalwe Ngulia. Tangu mwaka 1969, kila Novemba na Desemba, wataalamu wa ndege hukusanyika hapo usiku wa giza na ukungu, kwa sababu taa za hoteli huwavuta maelfu ya ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia. Huwanasa kwa nyavu, huwavisha pete ndogo mguuni na kuwaachilia. Baadhi ya pete hizo zimepatikana hadi Urusi.

Kutoka Ngulia panga kufika lango la Mtito Andei kabla ya saa nane mchana. Malango hufungwa saa kumi na mbili jioni, na barabara ya kurudi Nairobi baada ya Mwaka Mpya haifai kuanzwa na giza.