Mali bila Daftari: Tuijue Milango ya USB ya Kompyuta Tuliyoiunda



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo tuliwasomesha watoto wa watu kwa miaka mingi, wala hatukudhani kwamba uzeeni tungekuja kusomeshwa sisi wenyewe, tena na kompyuta.

Mjukuu wetu alituundia kompyuta hapa nyumbani, Uingereza, kwa vipande alivyovinunua kimoja kimoja. Ilipokamilika, tulichomeka kwenye mlango wake wa mbele diski ndogo ya nje iliyohifadhi sauti ya marehemu mama yetu akitutajia nasaba ya ukoo. Tulimnasa kwa kaseti mjini Tanga mwaka 1994, kisha sauti ikahamishiwa kwenye diski. Kaseti ilikwisha kuharibika. Nakala ilikuwa hiyo moja tu.

Diski ikaanza kugonga. Mara ikaonekana kwenye skrini, mara ikapotea. Tukaamini kuwa imekufa, na nyumba nzima ikanyamaza. Mjukuu akaichomoa, akaichomeka kwenye mlango wa nyuma, na sauti ya mama ikajaa chumbani.

Kosa halikuwa la diski. Mlango ule wa mbele ulikuwa wa buluu, na buluu kwa desturi ni alama ya USB 3.0, aina iliyotangazwa mwaka 2008. Lakini milango ya mbele haikai juu ya ubaomama. Huunganishwa nao kwa kebo inayopita ndani ya kasha hadi kwenye safu ya pini. Safu ya USB 3.0 ina pini 19, na ya USB 2.0 ina pini 9. Ubaomama wetu ulikuwa na safu ya pini 9 pekee, na kijana alitumia kiungo cha kuoanisha kebo na safu hiyo. Basi mlango ulivaa kanzu ya buluu juu ya mwili wa zamani. Kwa kanuni, mlango wa USB 2.0 hutoa umeme wa miliampia 500, na wa USB 3.0 miliampia 900. Diski yenye sahani inayozunguka hudai umeme mwingi inapoanza kazi. Ikiupata pungufu, hugonga na kuzimika.

Tangu siku hiyo tumeweka daftari la milango, nasi twawashauri wenzetu wafanye hivyo. Kazi yenyewe haizidi alasiri moja.

Kwanza, chora mbele na nyuma ya kasha kwenye karatasi, na kila mlango uupe namba. Sisi tuliandika M1, M2 kwa ya mbele, na N1 hadi N6 kwa ya nyuma. Kisha soma kitabu cha ubaomama uone kila mlango ni wa aina gani.

Pili, usiiamini rangi wala kitabu peke yake, jaribu. Tafuta flashi mbili, moja ya USB 2.0 na nyingine ya USB 3.0 iliyo nyepesi. Ndani ya mlango wa kweli wa USB 3.0 mna njia mbili, pini 4 za zamani na 5 mpya, na huenda njia moja ikafanya kazi hali nyingine imekatika. Chomeka kila flashi katika kila mlango, unakili faili la gigabaiti 1 kuingia kompyutani, na uangalie saa. Kwa njia ya zamani faili hilo huchukua takriban nusu dakika au zaidi. Kwa njia mpya, flashi nyepesi hulimaliza kwa sekunde chache. Andika matokeo papo hapo.

Tatu, kipe kila chombo mahali pake. Diski zikae kwenye milango mipya ya nyuma. Kibodi, kipanya na printa hazina haraka. Milango ya zamani yazitosha. Chombo kidogo cha kupokea mawimbi ya kipanya kisicho na waya kiwekwe mbali na milango ya buluu, kwani USB 3.0 ikifanya kazi hutoa mawimbi yanayoweza kuvuruga masafa ya 2.4 GHz ambayo vipanya vingi hutumia. Kipanya chetu kilikuwa kikirukaruka kila tuliponakili mafaili. Tulipokihamisha chombo chake, kikatulia.

Nne, tazama mipangilio. Katika BIOS, ukurasa unaofunguliwa kabla Windows haijaanza, baadhi ya kompyuta hukuruhusu kufunga milango usiyoihitaji. Usifunge mlango ambao daftari halijautaja, usije ukaifunga kibodi yako mwenyewe. Ndani ya Windows, katika mipangilio ya umeme, mna sehemu inayoruhusu milango ya USB isiyotumika ilazwe. Ikiwa diski yako hupotea baada ya kukaa kimya, izime sehemu hiyo. Na kabla ya kufungua kasha kugusa kebo yoyote, zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme.

Daftari letu sasa limebandikwa ubavuni mwa kasha. Mjukuu amekwenda chuoni, mji mwingine, nasi hatumpigii simu tena kumuuliza kipi kichomekwe wapi.

Sauti ya mama nayo sasa ina nakala tatu: moja kompyutani, moja katika diski ya pili, na moja tumeipeleka Tanga kwa dada yetu. Ndugu msomaji, ikiwa nawe una sauti ya mzee wako katika diski moja tu, usingoje igonge. Chukua karatasi na kalamu, ujue milango yako, kisha unakili leo.

Wabillahi tawfiq.