Homa Iliyojificha Nyuma ya Malaria

Mtoto analetwa hospitali akiwa na homa kali, anahema kwa shida, macho yamelegea. Tone la damu linatolewa kidoleni na kupakwa kwenye kioo, na chini ya darubini vimelea vya malaria vinaonekana. Kwa miaka mingi pwani ya Kenya, habari iliishia hapo: ni malaria, apewe dawa ya malaria. Lakini mahali penye malaria nyingi, hata mtoto anayekimbiza mpira uwanjani anaweza kuwa na vimelea hivyo hivyo damuni. Kuviona si sawa na kujua kinachomuua huyu aliyelala kitandani.

Swali hilo ndilo lililoipa Kilifi jina katika sayansi ya tiba. Mwaka 1989, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford na mfuko wa Wellcome Trust wa Uingereza kuanzisha kituo cha utafiti katika uwanja wa hospitali ya wilaya, ambayo leo ni hospitali ya kaunti, kilomita 60 hivi kaskazini mwa Mombasa. Vituo vya utafiti Afrika vipo vingi, na vingine vina majengo ya fahari. Kilifi ilifaidika kwa jambo la kawaida kabisa: daktari anayetafiti ndiye anayezunguka wadi asubuhi, na sampuli ya mgonjwa wake huvuka ua tu kufika maabara.

Mwaka 1995 Kevin Marsh na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 1,844 waliolazwa Kilifi kwa malaria. Kati ya 64 waliofariki, 54 walikuwa wamepungukiwa fahamu, au wanapumua kwa taabu, au vyote viwili. Hizo ni dalili ambazo muuguzi huziona kwa macho, bila mashine. Utafiti uliohitaji maabara nzima ulizaa kitu kinachotumika hata pasipo na maabara.

Kisha ikaja zamu ya bakteria. Tangu 1998, karibu kila mtoto aliyelazwa Kilifi alitolewa damu ya kuotesha. Damu hutiwa kwenye chupa yenye mchuzi wa virutubisho, na chupa huwekwa ndani ya mashine yenye joto la mwili. Kama kuna bakteria hai, watakula, watazaliana na kutoa hewa ya kaboni, na mashine itaitambua hewa hiyo. Hapo mtaalamu wa maabara huwahamishia kwenye sahani ya kuoteshea, akawatambua ni akina nani na dawa gani inawaua. Kazi hii huchukua siku moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Kwa mtoto mahututi huo ni muda mrefu mno, ndiyo maana matibabu huanza kabla ya jibu.

Majibu ya miaka minne ya kwanza, yaliyochapishwa 2005, yaliwashtua wengi. Zaidi ya robo ya vifo vyote vya watoto hospitalini hapo vilihusishwa na bakteria waliokuwa tayari ndani ya damu mtoto alipofika. Wakati huo hospitali nyingi za Afrika hazikuwa na uwezo wa kuotesha damu, kwa hiyo ugonjwa huo haukuhesabiwa. Walioongoza ni bakteria wa kichomi na homa ya uti wa mgongo, pamoja na jamii ya salmonela isiyo ya taifodi. Faida ya kuhesabu ilionekana mapema: chanjo dhidi ya mmoja wa bakteria hao, Hib, iliingia Kenya mwishoni mwa 2001, na miaka mitatu baadaye ugonjwa huo Kilifi ulikuwa umeshuka kutoka watoto 66 hadi chini ya 8 kwa kila watoto 100,000 wa chini ya miaka mitano.

Lakini fumbo lililonivutia mimi zaidi ni la malaria na bakteria pamoja. Je, walikutana kwa bahati tu ndani ya mtoto mmoja, au mmoja alimfungulia mwenzake mlango? Huwezi kuwaambukiza watoto malaria ili uone. Maumbile, hata hivyo, yalikuwa yameshapiga kura yao. Mtoto aliyerithi kinasaba cha seli mundu kutoka kwa mzazi mmoja tu haugui seli mundu, na hupata kinga kubwa: Thomas Williams na wenzake walionyesha Kilifi kwamba ana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Dhidi ya bakteria, hakukuwa na sababu ya kutarajia kwamba kinasaba hicho kingefanya lolote, isipokuwa kama malaria ndiyo inayowafungulia mlango.

Anthony Scott na wenzake wakalinganisha watoto waliolazwa wakiwa na bakteria damuni na watoto wa vijiji hivyo hivyo waliokuwa wazima. Wenye kinasaba walikuwa na hatari ya theluthi moja hivi ya wenzao. Kinasaba kinachozuia malaria kimezuia na bakteria! Kisha waliangalia miaka. Kati ya 1999 na 2007 malaria ilipungua sana Kilifi, kutoka watoto 28.5 waliolazwa kwa kila 1,000 kwa mwaka hadi 3.5 hivi. Jinsi malaria ilivyopungua, ndivyo kinasaba kilivyopoteza faida yake dhidi ya bakteria, na watoto waliolazwa kwa bakteria damuni wakapungua karibu nusu. Mahesabu yao, yaliyochapishwa 2011, yalionyesha kwamba malaria ilipokuwa nyingi, zaidi ya nusu ya maambukizi hayo yalitokana nayo. Ukweli huo ulihitaji kitanda, chupa ya damu, kipimo cha vinasaba na daftari la kuhesabu watu wa vijijini, vyote mahali pamoja.

Damu yote hiyo ilitoka kwa watu, na pwani hadithi za mumiani hazijafa. Wazazi waliuliza damu inapelekwa wapi, kwa nini nyingi hivyo, na Wazungu wanaitaka ya nini. Sioni kwamba maswali hayo ni ya kijinga. Kituo kililazimika kuajiri wahudumu wa nyanjani kutoka vijiji hivyo, kuunda mabaraza ya wawakilishi wa jamii na kufungua milango ya maabara watu waingie wajionee.

Mwaka huo huo wa 2011 wadi ilipata mshtuko mwingine. Mtoto mwenye homa kali, mikono baridi na mapigo dhaifu alikuwa, kwa mujibu wa vitabu vya tiba, anahitaji dripu ya haraka. Kathryn Maitland, aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, aliongoza jaribio katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo za Kilifi, Mbale na Muheza. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa maji mengi kwa haraka, wengine ya taratibu tu. Kamati ya usalama ililisimamisha jaribio kabla ya wakati. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.5 hivi ya waliopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 ya wale wengine. Ni vifo vitatu zaidi katika kila watoto mia, kwa tiba iliyodhaniwa kuokoa, kwenye wadi zisizo na mashine za kupumulia.

Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake wa huduma ya dharura kwa watoto mwaka 2016, miaka mitano baadaye. Nauona muda huo kuwa mrefu. Kutoka kitandani hadi maabara ni mwendo wa kuvuka ua, lakini kutoka hapo hadi kwa tabibu wa kituo cha mbali hakuna njia iliyonyooka, na fedha nyingi za njia hiyo bado hutoka ng'ambo.

Hospitali nyingi za kanda yetu bado hazioteshi damu. Tabibu wa huko anapomchoma mtoto aliyepungukiwa fahamu kwa malaria sindano ya atesuneti, kisha akaongeza antibayotiki bila kusubiri kipimo ambacho hana, anafuata mwongozo wa shirika hilo. Hawezi kujua kama mtoto huyo ana bakteria damuni. Ila hesabu za Kilifi zinamwambia kwamba vimelea alivyoviona kwenye darubini havitoshi kumfanya aizuie hiyo sindano ya pili.