Keria ya gari: Uchomelee kwa fundi au ununue dukani?

MFANYABIASHARA wa Issuna mwenye gari dogo yuko mahali pazuri kibiashara. Kata hiyo ya Wilaya ya Ikungi iko kwenye barabara kuu ya Manyoni–Singida, takriban kilomita 54 kutoka Manyoni na 63 kutoka Singida mjini. Kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti vina wateja pande zote mbili. Tatizo ni nafasi: kiti cha nyuma kikijaa, mzigo unaobaki unasubiri safari nyingine au unapandishwa basi kwa nauli.

Dawa inayojulikana ni kuweka keria juu ya paa. Swali ambalo wengi hulijibu haraka mno ni kama ichomelewe kwa fundi wa vyuma au inunuliwe iliyo tayari. Kwa kawaida mnunuzi huangalia bei tu. Wiki hii tunaangalia gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti, yaani uzito.

Kikomo cha paa

Kila gari lina kikomo cha uzito ambao paa lake linaweza kubeba, na kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa magari madogo mengi kikomo hicho ni kati ya kilo 50 na 100. Kisichanganywe na uzito wa jumla ambao gari linaruhusiwa kubeba. Toyota Probox ya mizigo, kwa mfano, imetengenezwa kubeba hadi kilo 400 ndani, lakini hiyo haina maana kwamba paa lake linaweza kubebeshwa hata robo ya uzito huo bila kuuliza.

Jambo la pili ni kwamba uzito wa keria yenyewe umo ndani ya kikomo hicho. Kila kilo ya chuma ni kilo moja ya mzigo iliyopotea, safari hadi safari.

Hesabu ya chuma

Chukua keria yenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.3, iliyotengenezwa kwa bomba la mraba la inchi moja lenye unene wa milimita 1.5. Fremu mbili, ya chini na ya juu, zinakula mita 13.2. Vyuma 8 vya kukatiza sakafu vinakula mita 10.4, na miguu 8 ya sentimita 30 mita 2.4. Jumla ni mita 26. Bomba huuzwa kwa urefu wa mita 6, hivyo utanunua mabomba 5.

Bomba hilo lina uzito wa takriban kilo 1.1 kwa mita. Keria itafika kilo 29 kabla ya boliti na rangi. Kama kikomo cha paa ni kilo 100, zinabaki 71. Hizo zinatosha matenga mawili ya kuku 20, iwapo kila kuku ana kilo 1.5 na tenga tupu kilo 4.

Sasa tuseme umepata keria ya aluminiamu yenye kilo 15. Zinabaki kilo 85, na tenga dogo la kuku 8 linaongezeka juu.

Ipi inalipa?

Kwa mfano tu, tuchukulie ya fundi ni Sh. 300,000, ya dukani Sh. 600,000, na kila kuku anakupa faida ya Sh. 1,000. Kuku 8 wa ziada ni Sh. 8,000 kwa safari. Tofauti ya bei itarudi baada ya safari 38. Anayesafiri mara tatu kwa wiki atairudisha kwa wiki 13 hivi. Anayesafiri mara moja kwa mwezi atasubiri zaidi ya miaka mitatu, na huyo aende kwa fundi bila kusita.

Aidha, chuma kina sifa yake. Kikivunjika, karibu kila mji una fundi wa kukichomelea, wakati wanaoweza kuchomelea aluminiamu ni wachache. Weka bei halisi za wiki hii katika hesabu hii kabla ya kutoa fedha.

Mafuta

Upepo nao hudai chake. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha kuwa sanduku kubwa la mizigo juu ya paa hupunguza umbali ambao gari linakwenda kwa lita moja, kwa asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Matenga hayapiti hewani kwa urahisi zaidi ya sanduku. Kwa hiyo nunua au tengeneza keria ya kufungua kwa boliti, na uiteremshe siku ambayo huna mzigo.

Tahadhari

Mzigo wa juu hulifanya gari kuyumba na kupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona. Anayekwenda Dodoma atateremka ukingo wa Bonde la Ufa baada ya Manyoni, na hapo makosa ya upakiaji hujitokeza. Madumu ya mafuta ya alizeti, ambayo kila moja la lita 20 lina zaidi ya kilo 18, yakae ndani ya gari chini. Kuku wakae juu.

Mwambie fundi aweke mpira kati ya chuma na paa, na apake rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu. Katika safari ya kwanza, ukifika Manyoni au Singida, simama ukaze nati zote upya. Keria ikidondoka na mzigo wake barabarani, faida ya miezi inakwenda nayo, na aliye nyuma yako anaweza kupoteza maisha.