Nyasi za Uani: Mashine ya Umeme au ya Petroli?

Ndugu msikilizaji, mkazi mmoja wa Tabata, jijini Dar es Salaam, ameniandikia akiuliza jambo ambalo wengine wataliona dogo. Amemaliza kujenga, amepanda ukoka mbele ya nyumba, na sasa mvua za masika zimemkuta. Akizubaa wiki mbili tu, uwanja unageuka pori. Amechoka na kwanja, anataka mashine. Dukani ameonyeshwa mbili, moja ya umeme na nyingine ya petroli. Anauliza, anunue ipi?

Swali hilo lina jibu, nami nitalitoa. Lakini kabla hajafungua pochi, namwomba yeye, pamoja na wewe mwenye uwanja mdogo kama wake, mjiulize swali jingine ambalo mwenye duka hatawauliza: nani atakayeisukuma mashine hiyo?

Mimi sikujiuliza. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mashine ya umeme katika duka moja la vitu vilivyokwishatumika Ulaya. Nilipofika nyumbani nilimwonyesha kijana anayetusaidia kazi za nje mahali pa kubonyeza, basi. Nikadhani nimemaliza.

Jumamosi moja asubuhi, baada ya mvua ya usiku, nilikuwa barazani nakunywa chai. Kijana, kandambili miguuni, alikuwa akiivuta mashine kinyumenyume. Ghafla ikanyamaza. Kisu kilikuwa kimekata waya wake wenyewe. Yeye hakuliona hilo. Alifikiri umeme umekatika, jambo ambalo sote tumelizoea, akainama kuusogeza waya. Lakini ndani ya nyumba redio ilikuwa bado inaongea. Mke wangu ndiye aliyeelewa kwanza maana yake: umeme ulikuwapo, tena umelala pale pale kwenye majani yaliyolowa. Akapiga kelele, "Usiguse!" Mkono wa kijana ulisimama shubiri moja kutoka kwenye ncha ya waya.

"Nilidhani umekatika, baba," aliniambia baadaye. Sikuwa na la kumjibu. Kosa halikuwa lake.

Sasa tuzitazame mashine zenyewe, tukianza na hiyo ya umeme.

Mashine ya umeme ya uwanja mdogo huwa na mota ya wati 1,000 hadi 1,800 hivi. Yuniti moja ya umeme ni wati 1,000 zikitumika kwa saa nzima. Kwa hiyo mashine ya wati 1,400 ikifanya kazi kwa nusu saa itakula yuniti 0.7. Zidisha kwa bei unayonunulia LUKU, utaona kwamba si gharama ya kumkosesha mtu usingizi. Mashine hii ni nyepesi, haina oili ya kubadilisha, na kelele zake ni ndogo kuliko za mwenzake. Wapo watakaosema umeme wetu hauaminiki, na sisi tuliopitia mgao wa 2006 na wa 2011 hatuwezi kuwabishia. Lakini nyasi si samaki wa kwenye friji. Umeme ukikatika leo, utafyeka kesho.

Ubaya wake ni ule waya, na hapo ndipo wengi wetu hujidanganya. Tunadhani fyuzi itatuokoa. Fyuzi ya ampea 13 iliyomo kwenye plagi kazi yake ni kulinda waya usiungue. Umeme unaoweza kumuua binadamu haufiki hata sehemu ya kumi ya ampea moja. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kupoteza maisha na fyuzi ikabaki nzima.

Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, kile kinachohisi umeme unapovuja na kuukata kwa kufumba na kufumbua. Kipo cha kufungwa na fundi kwenye ubao wa swichi, na kipo cha kuchomeka kwenye soketi. Mwambie fundi unataka cha miliampea 30. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila mara kabla ya kuanza kazi. Kisipokata umeme, usianze.

Waya wenyewe uwe wa kutumika nje na wa rangi inayoonekana kwenye majani, kama vile rangi ya machungwa. Kama umezungushwa kwenye gurudumu, ukunjue wote, kwa sababu waya uliojiviringa hupata moto. Anza kukata karibu na soketi ukielekea mbali nayo, ili waya ubaki nyuma yako, kwenye nyasi zilizokwisha kukatwa. Usivute mashine kinyumenyume. Usikate nyasi zilizolowa. Na mashine ikizima yenyewe, usiguse waya wala kisu. Nenda kwanza kwenye soketi ukachomoe plagi.

Mashine ya petroli haina waya wa kuogopa. Inakwenda popote, ina nguvu, na nyasi ndefu haziisumbui sana. Kwa nusu saa itakunywa takriban nusu lita ya petroli, au pungufu. Lakini hii ni injini, nayo inataka matunzo kama injini ya pikipiki: oili, plagi, kisafisha hewa. Ugonjwa wake mkubwa ni kukaa bure. Wakati wa kiangazi, nyasi zinapokauka, tunaitelekeza na petroli ndani ya tangi. Baada ya mwezi mmoja au miwili petroli hiyo huchacha na kuacha utando kwenye kabureta. Mvua zikirudi unavuta kamba mpaka bega linauma, kisha unamwita fundi. Dawa ni kuimaliza petroli yote kabla ya kuiweka.

Nayo ina hatari zake. Usiongeze petroli injini ikiwa ya moto, wala karibu na jiko au sigara. Usiiwashe ndani ya stoo, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Majani yakikwama kwenye kisu, chomoa kwanza waya wa plagi ndipo uingize kitu.

Siku hizi ipo pia ya tatu, ya betri ya kuchaji. Haina waya wala petroli, na kwa uwanja mdogo inatosha. Uliza tu bei ya betri peke yake kabla ya kununua, maana betri huchoka, na hiyo ndiyo sehemu ya ghali.

Zote tatu visu vyake huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, na jiwe dogo likiguswa huruka kama risasi. Okota mawe kwanza, ondoa watoto uwanjani, na anayesukuma avae viatu vilivyofunika miguu.

Basi, jibu langu kwa ndugu yetu wa Tabata ni hili. Kama waya wa mita 20 au 25 unafika kila kona ya uwanja wake, anunue ya umeme, na siku hiyo hiyo anunue kile kifaa cha kukata umeme. Kama uwanja ni mkubwa, una miti ya kuzungukwa na waya, au hauna soketi karibu, anunue ya petroli. Na kama fedha inatosha mashine tu bila kifaa na bila viatu vya atakayeisukuma, namshauri aendelee na kwanja mpaka zitakapotosha zote.

Mashine yangu ninayo hadi leo. Juzi nilimhimiza kijana akate uwanja kabla wageni hawajafika. Akabonyeza kile kitufe, umeme ukakata, akaurudisha. Kisha akainama, akazigusa nyasi kwa kiganja.

"Bado zimelowa, baba," akasema. "Tusubiri jua."

Tukasubiri. Wageni walifika wakakuta uwanja haujakatwa, na hakuna aliyelalamika.

Kwaherini, hadi wiki ijayo.