Kuchimba Maneno Likasi

Mwaka 1955 wataalamu wa mawe walieleza madini mapya ya shaba yaliyopatikana katika mgodi wa Likasi, Katanga, nchini Kongo, wakayaita likasite. Jina hilo lina vipande viwili tu: mji, na kiambishi tamati -ite, kilichotoka Kigiriki kikapitia Kilatini na leo kimekuwa muhuri wa majina ya madini duniani kote. Anayekijua hasumbuki na cuprite, maana cuprum kwa Kilatini ni shaba. Heterogenite nayo, jiwe jeusi ambalo kobalti nyingi ya Katanga hutoka humo, inafunguka vivyo hivyo: heteros ni nyingine, genos ni aina au ukoo, na mzizi wake, gen-, utaukuta tena ndani ya hydrogen na genetics. Katika kiwanda cha Shituru, mjini humo Likasi, shaba husafishwa kwa umeme unaopitishwa ndani ya maji ya asidi mpaka shaba igande kwenye bamba liitwalo kathodi. Neno cathode lilitangazwa mwaka 1834 na Michael Faraday, aliyesaidiwa na mwanazuoni William Whewell. Waliliunda kwa makusudi kutoka Kigiriki, kata ikiwa ni chini na hodos njia. Kwa Kifaransa ni neno lile lile, halikubadilika hata herufi.

Kwa kuwa maneno hupasuka hivi, naona vijana wa Likasi wanapotezewa muda wanapofundishwa Kiingereza kwa orodha ndefu za maneno ya kukariri, kana kwamba kila neno lilizaliwa peke yake. Mahitaji yao yanajulikana. Malori ya shaba na kobalti yanavuka Kasumbalesa kuingia Zambia, nchi ya Kiingereza, na tangu 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mikataba yake huandikwa kwa Kiingereza. Mtu anatakiwa asome: fomu ya forodha, maelekezo ya mashine, mkataba wa kazi. Na Kiingereza cha kusoma si kigeni kama kinavyosikika redioni. Tangu Wanormani, wasemaji wa Kifaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, lugha hiyo imebeba Kifaransa na Kilatini kwa mafungu. Mwaka 1973 Thomas Finkenstaedt na Dieter Wolff walichapisha hesabu yao ya maneno yapatayo 80,000 ya kamusi ya Oxford: Kifaransa asilimia 28 hivi, Kilatini 28 nyingine, na maneno ya asili ya Kijerumani, ambayo ndiyo damu ya Kiingereza chenyewe, hayakuzidi robo. Averil Coxhead wa New Zealand naye alikusanya mwaka 2000 familia 570 za maneno yanayojaza takribani asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma, na zilizo nyingi humo zimetoka Kilatini na Kigiriki.

Tena Mswahili ana mtaji ambao walimu wengi hawaugusi, nao ni sarufi yake. Kutoka chimb- tunapata chimba, chimbua, mchimbaji, machimbo, chimbuko. Hakuna mtoto anayeyakariri moja moja. Kilatini kilifanya hivyo hivyo kwa port-, kubeba: import ni kubeba kuingia, export kubeba kutoka, transport kubeba kuvuka. Kwa tract-, kuvuta, kuna extract, attract, contract na hata tractor. Hata sauti zinafuata kanuni tunayoijua mdomoni. Kiambishi in- cha kukanusha hugeuka im- mbele ya p au m, ndiyo maana ni impossible na immobile, kama n- yetu inavyogeuka m tunaposema nguo mbovu, nyumba mbaya. Kikifika mbele ya l humezwa kabisa, ikawa illegal. Kwetu ni l inayoshindwa, ulimi ukawa ndimi. Mwanafunzi akionyeshwa hili mara moja hatahesabu tena im-, il- na ir- kuwa viambishi vitatu tofauti. Na vyenyewe si vingi. Uchunguzi wa White, Sowell na Yanagihara wa mwaka 1989 ulionyesha kwamba viambishi awali vinne, un-, re-, in- na dis-, vinabeba asilimia 58 ya maneno yenye viambishi awali katika vitabu vya shule vya Marekani, na 20 vinafikisha 97. (Un-, niseme ukweli, si ya Kilatini, lakini haimdhuru mtu.)

Watapinga kwamba mizizi haimfundishi mtu kuzungumza. Ni kweli kabisa: get, put, take, come na wenzake wa sokoni hawana Kilatini ndani yao, na hao mtu hujifunza kwa kusikia na kujibu. Pingamizi zito zaidi ni la Batia Laufer wa Israeli, aliyegundua kwamba wanafunzi hudanganywa na maneno yanayojifanya wazi: infallible, yaani asiyekosea, wao waliisoma kuwa kisichoanguka, kwa kuwa waliona fall mle ndani. Kwa msomaji wa Likasi, aliyesomeshwa kwa Kifaransa, hatari hiyo ina sura ya Kifaransa. Library si librairie, yaani duka la vitabu. Eventually maana yake ni hatimaye, hali éventuellement ni ikitokea. Ukichanganya hayo mawili kwenye mkataba, malipo uliyodhani huenda yakatakiwa ni malipo yatakayotakiwa bila shaka. Silioni hilo kuwa sababu ya kuacha mizizi. Ni sababu ya kufundisha kwamba mzizi hutoa dhana tu, na dhana hiyo lazima ipimwe kwa sentensi nzima, kisha kwa kamusi.

Wapo pia watakaohofia kwamba tunarudisha Kilatini cha seminari, elimu ya wachache wa mchepuo wa sekondari wa Latin-Philo. Sivyo. Hakuna anayehitaji kunyambua vitenzi vya Kirumi ili ajue trans- ni kuvuka. Na mwaka 2010 Peter Bowers, John Kirby na Hélène Deacon walipopitia tafiti 22 za kufundisha vipande vya maneno, waliona wanafunzi dhaifu ndio waliofaidika zaidi. Watoto hao hawakuwa wa Katanga, lakini faida kuwaendea walio nyuma inavunja hoja kwamba hii ni elimu ya mabwana.

Walimu wa Kiingereza wa Likasi, anzeni na maneno ambayo wanafunzi wamekwisha kuyaona kwenye malori na milango ya viwanda: export, transit, deposit, extraction, conductor. Yapasueni ubaoni pamoja na chimba na machimbo, andikeni pembeni eventually na wadanganyifu wenzake, halafu wapeni ukurasa mzima wa Kiingereza wausome siku hiyo hiyo.