Jumamosi za Malick Sidibé

Bamako ya miaka ya 1960 haikupitisha Jumamosi bila dansi. Mali ilipata uhuru mwaka 1960, na vijana wa mjini walikuwa na vilabu vyao vidogo, vingine vikiitwa kwa majina ya wanamuziki waliowahusudu. Walikusanya santuri za twist na za muziki wa Kuba, wakashona nguo, kisha wakamwalika mpiga picha Malick Sidibé.

Alikuwa mtoto wa kijiji cha Soloba, Mfulani, aliyejifunzia kazi kwa Mfaransa Gérard Guillat kabla ya kufungua studio yake mtaani Bagadadji. Alizunguka kwa baiskeli kutoka dansi moja hadi nyingine, akirudi usiku wa manane kusafisha filamu. Siku chache baadaye picha ndogondogo zilibandikwa nje ya studio, na waliocheza walikuja kujitafuta. Wengine waliagiza nakala. Wengine walichekana tu wakaenda zao, jambo ambalo halijawahi kumtajirisha mpiga picha yeyote.

Mimi namwamini kwa sababu ya picha hizo za nje. Alijua kila aliyempiga picha angekuja kujiona, tena mbele ya rafiki na pengine mchumba, na asiporidhika hanunui. Leo anayempiga picha kwa simu mama ntilie asiyemjua, akaitupia mtandaoni na kuvuna sifa, hana mtihani huo. Mama mwenyewe huenda asiione kamwe.

Itazame picha yake Nuit de Noël, ya mkesha wa Krismasi wa 1963. Kaka na dada wanacheza. Kijana kavaa suti. Binti yu ndani ya gauni, miguu mitupu. (Aliyewahi kucheza na viatu vipya hatauliza kwa nini.) Vichwa vimekaribiana, macho yako chini, kila mmoja anachunga hatua za mwenzake. Hakuna anayeihangaikia kamera. Mgeni angewaona wakiacha kucheza na kujipanga, lakini Sidibé walimzoea.

Mwaka 2007 maonyesho ya sanaa ya Venice yalimtunukia Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake, akiwa mpiga picha wa kwanza kupewa. Alifariki mwaka 2016. Leo picha zake zimekuzwa na kutundikwa katika majumba ya sanaa, zikinunuliwa na watu wasiomjua hata mchezaji mmoja. Ningeambiwa nichague, ningechukua zile ndogo za Bagadadji.