Eksirei: Kuzaliwa Kwake na Mwendo Wake Ndani ya Mwili

Watu wengi waliopata kuishika picha ya eksirei, wakaiinua kuielekeza dirishani ili wauone mfupa uliovunjika au pafu lililougua, hudhani kwamba weupe wanaouona ni mahali nuru ilipopita, na kwamba weusi ni mahali isipofika. Ilhali mambo ni kinyume kabisa. Weusi ni mahali mionzi ilipoupenya mwili na kulifikia bamba linaloipokea picha, na weupe ni mahali mwili ulipoizuia isifike. Picha ile, basi, imechorwa na kile kilichonaswa njiani. Na katika jambo hili moja ndimo ilimo faida ya eksirei na ndimo ilimo hatari yake, kwa kuwa nishati ileile iliyonaswa hata mfupa ukaonekana ndiyo iliyomwagwa ndani ya nyama na damu ya mgonjwa. Mtu akilielewa hili, maswali mengi yanayomtia hofu, na mengine ambayo yangestahili kumtia hofu wala hayamtii, hupata majibu yake.

Nuru hii iligunduliwa jioni ya tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, na mwanafizikia Wilhelm Conrad Röntgen, ambaye alikuwa akipitisha umeme katika bomba la kioo lililotolewa hewa, akiwa amelifunika kwa karatasi nene nyeusi, alipoona kwamba kiwambo kilichopakwa chumvi ya bariamu na platinamu kimeanza kung'aa gizani, ingawa hapakuwa na mwanga wowote uliotoka. Akatumia wiki kadhaa kuichunguza kwa siri, akiizibia njia kwa vitabu, mbao na vipande vya madini, na tarehe 22 Desemba akaipitisha katika mkono wa mkewe, Anna Bertha, mifupa ikatokea dhahiri pamoja na pete kidoleni. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, iliyokuwa ya kwanza kutolewa. Na kwa ukarimu unaostahili kutajwa kila jina lake litajwapo, hakutaka kuumiliki ugunduzi wake kwa hataza, bali aliuacha uwe mali ya wanadamu wote.

Bomba litumiwalo hospitalini leo limejengwa juu ya msingi uliowekwa na William Coolidge wa Marekani mwaka 1913. Ndani ya ombwe mna ncha mbili zinazoelekeana: kathodi, ambayo ni uzi mwembamba wa tungsteni unaopashwa moto hata ukang'aa na kuziachia elektroni zake, na anodi, ambayo ni sahani ya madini yaleyale iliyoinamishwa kidogo ukingoni. Kati ya ncha hizo huwekwa msukumo mkubwa wa umeme, aghalabu baina ya volti 50,000 na 120,000, ambapo umeme wa majumbani mwetu haupiti volti 230 au 240. Na elektroni zile, kwa kuwa ni za asili hasi, huvutwa na anodi kwa nguvu hata, msukumo ukiwa volti 100,000, hupita nusu ya kasi ya nuru kabla ya kujigonga.

Hapo zinapojigonga ndipo eksirei izaliwapo. Elektroni inayopita karibu na kiini cha atomu ya tungsteni, chenye protoni 74, huvutwa na kiini hicho, ikapindishwa njia na kupunguzwa mwendo, na ile nishati iliyopungua katika mwendo wake hutoka ikiwa mwonzi wa eksirei. Wala upungufu huo haulingani kwa kila elektroni, kwa maana moja hupita mbali na kiini ikapoteza kidogo, nyingine hupita karibu ikapoteza sana, na chache mno husimamishwa mara moja zikatoa yote ziliyokuja nayo. Ndiyo sababu mionzi itokayo bombani ni mchanganyiko wa dhaifu na mikali, na ukali wake wa mwisho hauwezi kukipita kiwango cha volti zilizowekwa. Iko pia njia ya pili, ambapo elektroni ijayo huing'oa ile iliyomo katika tabaka la ndani kabisa la atomu, na pengo likajazwa na elektroni ya tabaka la nje, ambayo kwa kushuka hutoa ziada yake ya nishati kwa kipimo maalumu kisichobadilika. Kwa tungsteni, kung'olewa huko hakutokei mpaka volti zizidi takriban 69,500.

Ajabu ni kwamba kazi hii yote ina hasara kubwa, maana katika kila sehemu 100 za nishati ya elektroni, 99 hivi huwa joto tupu, na moja tu ndiyo iwayo eksirei. Tungsteni ilichaguliwa kwa sababu haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 3,422 za Selsiasi, lakini hata hiyo ingetoboka kama elektroni zingeipiga mahali pamoja. Kwa hiyo sahani huzungushwa, mara 3,000 kwa dakika na zaidi, ili joto lisambae juu ya mzingo mzima. Ule mvumo usikikao chumbani muda mfupi kabla ya picha kupigwa, ambao wagonjwa wengi huudhania kuwa ndiyo mionzi yenyewe, ni sauti ya sahani hiyo ikishika kasi. Mionzi yenyewe haina sauti wala harufu, na hudumu sehemu ndogo mno ya sekunde.

Kabla ya kumfikia mgonjwa, mionzi hupitishwa katika kichujio cha alumini, ambacho unene wake pamoja na ule wa bomba lenyewe aghalabu hutakiwa usipungue kiasi cha milimita 2.5. Hilo huwashangaza wengi, kwamba mtu aizuie nuru aliyoigharamia; lakini mionzi iliyo dhaifu haina nguvu ya kuvuka mwili na kulifikia bamba, na kama ingeachwa ingeishia ngozini, ikimdhuru mgonjwa pasipo kumfaidia tabibu kitu. Iliyobaki huingia mwilini, na humo hukutana na mojawapo ya mambo matatu: ama hupita salama katika uwazi ulioko baina ya atomu, kama jua lipenyavyo kwenye makuti ya paa bovu, ama hunaswa, ama hugongwa ikapotoshwa njia. Ile inayopita salama hadi kwenye bamba ni asilimia chache tu ya iliyoingia, hasa katika tumbo la mtu mzima.

Kunaswa ndiko kunakochora picha. Mwonzi hukutana na elektroni iliyofungwa imara karibu na kiini, ukaipa nishati yake yote, ukatoweka. Na elektroni ile ikang'oka na kwenda kuumaliza mwendo wake mahali palepale. Uwezekano wa jambo hili kutokea hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha idadi ya protoni za atomu, na hushuka kwa kipeo hichohicho kadiri mionzi inavyozidi ukali. Nyama yetu kwa sehemu kubwa ni maji, na oksijeni iliyomo ina protoni 8, ambapo kalisi ya mfupa ina 20. Ukipiga hesabu, gramu moja ya kalisi hunasa takriban mara 15 kuliko gramu moja ya oksijeni, na ndiyo maana mfupa huonekana mweupe katikati ya nyama ya kijivu. Pafu, kwa upande wake, halitofautiani sana na nyama kwa jinsi ya atomu zake, bali limejaa hewa, nayo hewa ni nyepesi, basi mionzi hupita na picha huwa nyeusi. Na pale ambapo viungo viwili vimefanana mno, matabibu humnywesha mgonjwa uji wa bariamu, yenye protoni 56, au humtia mshipani dawa yenye aidini, yenye protoni 53, ili utumbo au mishipa ya damu ijitenge na vinavyoizunguka.

Kutokana na kanuni hiyo hutoka ustadi wote wa mpiga eksirei, ambaye kazi yake wengi huiona kuwa ni kubonyeza kitufe tu, nami nasema kwamba dhana hiyo ni dhuluma. Akipiga kidole huweka volti kama 50,000, ili mfupa mwembamba upambanuke na nyama. Akipiga titi la mwanamke, ambamo uvimbe na nyama njema hukaribiana kwa asili, hushuka hata volti 25,000 au 30,000. Bali kifua hukipiga kwa volti 100,000 na zaidi, kwa makusudi, ili mbavu zipoteze weupe wake na mapafu yaliyo nyuma yake yasisitirike.

Na tukitazame kifua kwa karibu, kwa kuwa ndiyo picha ipigwayo zaidi, na katika nchi zetu imewafichulia wengi kifua kikuu kabla hakijawaangamiza. Bibi aliyeingia huambiwa, "Bibi, samahani, vua mkufu," kwa sababu dhahabu, yenye protoni 79, ingeacha doa jeupe juu ya pafu. Husimamishwa kifua chake kikiwa kimelielekea bamba na mgongo ukilielekea bomba, lililo umbali wa sentimita 180 hivi, maana moyo umekaa upande wa mbele, na ukiwa karibu na bamba kivuli chake hakikuzwi kupita kiasi. Mikono huwekwa viunoni na mabega kusukumwa mbele, ili mifupa ya mabega iondoke juu ya mapafu. Kisha huambiwa avute pumzi na kuizuia, kwa kuwa hewa ikijaa, kiwambo cha tumbo hushuka na sehemu za chini za pafu hufunuka. Asipovuta sawasawa, pafu jema laweza kuonekana kama lenye ugonjwa, na picha ikalazimu kurudiwa.

Lile jambo la tatu, la mwonzi kugongana na elektroni iliyolegea na kupotoka njia, lilifafanuliwa na Arthur Compton wa Marekani mwaka 1923, akatuzwa Nobel mwaka 1927. Mionzi iliyopotoka hulifikia bamba kutoka pande zisizohusika, ikaitia picha ukungu, na ili kuizuia huwekwa mbele ya bamba wavu wa vipande vyembamba vya risasi, ambao hupitisha ile inayokuja moja kwa moja na kuinasa ile inayokuja kwa mshazari. Lakini mionzi hiyo hutoka pia nje ya mwili wa mgonjwa na kusambaa chumbani, na hiyo ndiyo sababu mtaalamu huenda nyuma ya ukuta, wala si kwamba amekukimbia. Wewe wapigwa mara moja, naye yupo hapo mwaka mzima. Wale wa mwanzo hawakujua kujikinga: Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikufa mwaka 1904 kwa saratani iliyoanzia mikononi, na tabibu John Hall-Edwards wa Birmingham alikatwa mkono wa kushoto mwaka 1908. Usalama tulio nao leo ulinunuliwa kwa viungo na roho zao.

Eksirei haibaki mwilini. Umeme ukikatwa, mionzi imekwisha, na mgonjwa aweza kumbeba mwanawe papo hapo bila ya kumdhuru. Kinachoweza kubaki ni taathira ya elektroni zilizong'olewa, ambazo mara chache huharibu chembe za urithi, na mwili hurekebisha sehemu kubwa ya uharibifu huo. Picha moja ya kifua hukisiwa kuwa na kipimo cha milisiveti 0.02, ambapo ardhi, anga na chakula humpa mwanadamu wastani wa milisiveti 2.4 kila mwaka; yaani picha hiyo ni kama siku tatu za kuishi duniani. Uchunguzi wa kifua kwa mashine ya CT, ambayo huupiga mwili eksirei kutoka pande nyingi, hata hivyo, hufika milisiveti kadhaa, na huo usiombwe kwa kutaka tu kujiridhisha, kama nionavyo watu wakimshurutisha daktari awaandikie.

Kwa hiyo, msomaji, ukiandikiwa eksirei yenye sababu usiikatae, lakini uliza sababu yake. Ikiwa wewe ni mwanamke na huenda una mimba, sema kabla hujaingia chumbani, hata usipoulizwa. Na picha zako za zamani zihifadhi mahali pakavu, uende nazo kila uendapo hospitali, kwa kuwa daktari atakayelinganisha kifua chako cha leo na cha miaka mitatu iliyopita huenda asihitaji kukupiga picha nyingine.